Mashapo ya Tembo

Tembo halina subira. Linapodondoka kutoka kwenye karara ya mnazi iliyokatwa ni maji matamu yasiyo na ukali wowote, yenye sukari ya kukaribia maji ya muwa. Jua likipanda, povu limeshafika shingoni mwa kibuyu, na ukitega sikio unasikia mchemko usio na moto. Jioni limeshakuwa kali. Siku ya pili linaanza uchachu, na baada ya siku chache zaidi halinyweki tena: limegeuka siki. Katika hatua hizo zote mgema hajatia kitu. Amekata, ametundika kibuyu, ameshuka.

Hicho kisichotiwa na mtu ndicho kilichokuja kuwashughulisha wanasayansi wa mbali kwa zaidi ya karne moja, wakitafuta namna ya kukivuta umeme. Lakini kimeishi na kufanya kazi siku nyingi kabla yao, katika vibuyu, mitungi na matope ya pwani kama ya Wambaa.

Wambaa ni shehia ya Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, upande wa magharibi wa kisiwa, kaskazini ya bandari ya Mkoani. Wageni wengi wanaijua kwa ufukwe wake na kwa hoteli ya Fundu, inayofikiwa kwa boti. Kwa wenyeji wake ni nchi ya mikarafuu na minazi, mikoko na tope la maji kupwa, na kisiwa cha Misali upande wa machweo. Mbele yake unapita Mkondo wa Pemba, wenye kina kikubwa kiasi kwamba hata zama zile bahari iliposhuka na Unguja ikaungana na bara, Pemba ilibaki kisiwa. Ng'ambo ya mkondo ni Tanga. Kina hicho kina sehemu yake katika kisa hiki, kwa kuwa umeme wa Pemba nao ulilazimika kukivuka.

Historia ya Pemba huandikwa kwa karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa ghala la zao hilo. Mnazi ukasukumwa pembeni ya vitabu. Hata hivyo nyumba ya Kipemba ilisimama juu ya mnazi kuliko juu ya mkarafuu: makuti ya paa, tui la wali, kifuu cha kuwashia jiko, kamba ya kufungia ngalawa, na mafuta. Kabla ya mafuta ya taa kuenea, mafuta ya nazi kwenye kisahani chenye utambi yalikuwa mwanga wa usiku. Mti huohuo ulimulika nyumba, ukaipikia, ukaiezeka.

Na ulitoa tembo.

Kugema ni kazi ya mkono mwepesi. Mgema hachagui nazi. Anachagua karara changa, ile ala ngumu inayofunika maua kabla hayajapasuka. Anaifunga kwa kamba isifunguke, anaikata ncha kwa kotama, kisu chake kilichopinda, kisha siku baada ya siku anaiinamisha taratibu mpaka ielekee chini. Chini yake anatundika kibuyu. Asubuhi na jioni hurudi kuchukua kilichodondoka na kukata tena kipande chembamba, kwa sababu jeraha likikauka utomvu unasimama. Akikata sana, karara inakwisha mapema. Akikata kidogo, kibuyu hakijai. Mnazi mrefu hupandwa kwa vipandio vilivyochongwa kwenye shina, na alama hizo hubaki miaka mingi baada ya mgema mwenyewe kuondoka. Watoto wa skuli wanaifahamu methali ya mgema anayesifiwa akatia maji hata kama hawajawahi kumwona mgema juu ya mti. Kazi imepungua, lugha imeihifadhi.

Tembo lilikuwa vitu vingi kwa wakati mmoja. Likichukuliwa bichi na kuchemshwa mpaka maji yapungue, hutoka asali ya tembo, nzito na ya kahawia. Likiachwa saa chache, lilikuwa chachu ya mama wa jikoni: kabla ya hamira ya dukani, unga wa mchele wa vitumbua na wa mkate wa kumimina uliumuliwa kwa tembo, ndiyo maana wazee wa pwani husema mkate wa siku hizi haunukii. Likiachwa siku moja, lilikuwa kinywaji cha ngomani. Likiachwa zaidi, siki ya kuloweka pilipili na maembe ya achari.

Mnazi unaogemwa hauzai kama kawaida, kwa kuwa karara iliyokatwa haitakuwa nazi. Mwenye shamba na mgema kwa hiyo hawakuangalia mti kwa jicho moja. Serikali za kikoloni nazo, katika pwani ya Kenya na Tanganyika, ziliingia kati kwa leseni na marufuku, mara kwa jina la utulivu, mara kwa jina la kulinda nazi kavu ya kusafirishwa. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu ulevi Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi pombe za kienyeji zilivyogeuzwa kuwa suala la nani mwenye amri juu ya nani. Nchini Kenya ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 2010 ili pombe za asili zirudi upande wa halali.

Pemba ilikuwa na hakimu mwingine, mzito kuliko wakoloni. Kisiwa ni cha Waislamu, na tembo likishaleva ni haramu. Lakini siki ni halali, na hapa sheria ilikutana na jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona kwa macho. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na watu wengi wa visiwa hivi, kileo kikigeuka siki chenyewe, kimetoharika. Kikigeuzwa kwa kutiwa kitu, hakitohariki. Mafakihi waliandika hivyo karne nyingi kabla ya darubini. Walichokuwa wakikitenganisha ni kazi ya mkono wa mtu na kazi inayofanyika ndani ya chombo bila mkono, na waliipa kazi hiyo ya pili uwezo wa kubadili hukumu ya kitu kizima, pamoja na chombo chake. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo maisha ya viumbe visivyoonekana yaliheshimiwa mapema hivyo katika sheria.

Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Unguja na Pemba, na katika kitabu chake juu ya Zanzibar, kilichochapwa 1872, tembo halikukosa nafasi. Mwaka huohuo wa 1857, katika mji wa Lille kaskazini mwa Ufaransa, Louis Pasteur alisoma makala yake ya kwanza kuhusu uchachu, akisema kwamba maziwa hayachachi kwa kuharibika tu: yanachachishwa na kitu hai. Miaka michache baadaye aliifikia siki, akaonyesha kwamba nayo ni kazi ya viumbe vinavyotaka hewa. Mmoja alikuwa anaeleza kilichomo kibuyuni bila kujua kinachokichemsha. Mwingine alikuwa ameanza kukijua kinachochemsha bila kukiona kibuyu.

Kilichomo kibuyuni kinajulikana vizuri zaidi leo. Hamira za mwituni zimo, zinazotoka hewani, kwenye gome, kwa wadudu wanaofuata utamu na kwenye kibuyu chenyewe. Wamo pia bakteria wa maziwa lala. Na yumo mmoja anayestahili kujulikana zaidi kwenye pwani hii: Zymomonas mobilis, bakteria anayegeuza sukari kuwa kileo kwa kasi kushinda hamira, na ambaye makazi yake yanayojulikana sana ni utomvu wa mimea ya nchi za joto, ukiwamo wa michikichi, minazi na mmea wa jamii ya mkonge unaotengenezewa pombe ya pulque huko Meksiko. Nyuma yao wanafuata bakteria wa siki, Acetobacter na jamaa yake Gluconobacter. Hao kazi yao ni kuchukua kileo na kukiunguza nusunusu kwa hewa, kikawa tindikali.

Neno kuunguza limetumika kwa makusudi. Kila kiumbe kinachokula sukari kinaiunguza polepole, na katika kuiunguza kinang'oa kutoka kwake chembe ndogo zenye chaji, elektroni, ambazo lazima zipelekwe mahali. Sisi tunazikabidhi kwa oksijeni tunayovuta. Bakteria wa siki naye hufanya hivyo, ila vimeng'enya vyake vya kung'oa elektroni vimekaa kwenye ngozi yake vikielekea nje, si ndani kabisa. Ukimwekea kipande cha kaboni jirani, kiumbe huyu anaweza kukabidhi elektroni zake kwa kaboni badala ya hewa. Waya ukiunganishwa kutoka kaboni hiyo hadi kipande kingine chenye hewa, elektroni zinapita kwenye waya. Elektroni zinazopita kwenye waya ndizo umeme.

Aliyeliona jambo hilo kwa mara ya kwanza hakuwa fundi wa umeme. Michael Cresse Potter alikuwa mtaalamu wa mimea katika chuo cha Newcastle kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Mwaka 1911, mwaka ambao Sayyid Khalifa bin Haroub alikalia kiti cha usultani Zanzibar, Potter alitoa makala katika jarida la Royal Society. Alichukua gudulia la kioo, ndani yake akaweka chombo cha udongo chenye vinyweleo. Upande mmoja alitia maji ya sukari na hamira, upande wa pili maji ya sukari matupu. Akatumbukiza platini pande zote mbili na kuunganisha kipimo. Sindano ilisogea. Alipata volti kati ya 0.3 na 0.5, na alipowaua viumbe wale au kuwapunguzia chakula au joto, umeme ulififia. Chombo cha udongo, maji matamu, hamira: mama yeyote wa pwani angevitambua vitu vyote hivyo isipokuwa platini.

Miaka 20 ikapita kimya. Mwaka 1931 Barnett Cohen wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, aliunganisha vyombo vingi kwa mfululizo akafikisha volti 35, lakini mkondo wake ulikuwa miliampea 2 tu. Miaka ya 1980 Peter Bennetto na wenzake London walitumia rangi za kikemikali kuzibeba elektroni kutoka ndani ya bakteria hadi kwenye kaboni. Rangi hizo zilikuwa ghali na nyingine sumu, na njia ingeishia hapo kama si ugunduzi uliotoka mahali pasipotarajiwa: kwenye tope.

Na hapo inabidi kurudi Pemba, kwa sababu tope ni jambo ambalo wanawake wa visiwa hivi wanalijua kuliko wengi.

Nazi ikifuliwa, makumbi hubaki. Katika vijiji vya pwani ya Unguja na Pemba, wanawake huyabeba makumbi hadi kwenye fungu la tope linalofunikwa na maji kujaa, wakayafukia katika mashimo na kuyagandamiza kwa mawe. Kila mmoja anajua shimo lake. Miezi inapita. Maji yakipwa siku ya kufukua, tope ni jeusi na harufu yake ni ile ya yai viza, lakini kumbi lililoingia gumu kama ubao sasa linapigika kwa gongo, nyuzi zinaachana, usumba unatoka, na usumba unasokotwa kamba. Hakuna dawa iliyotiwa. Kilichoilegeza gundi inayoshika nyuzi ni bakteria wa tope lisilo na hewa, na harufu ile ni salio la upumuaji wao: wanapokosa oksijeni, wengine hupumulia salfeti ya maji ya bahari, wengine hupumulia kutu ya chuma iliyomo topeni.

Hao wa mwisho ndio wanaobeba kisa mbele. Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake walieleza bakteria waliyemtoa kwenye tope la mto Potomac, karibu na Washington. Baadaye aliitwa Geobacter. Alikuwa anaunguza mabaki ya mimea na kukabidhi elektroni kwa chuma kilicho nje ya mwili wake, bila msaada wa rangi yoyote. Kiumbe aliyezoea kugusa chuma na kukiachia elektroni hana tabu ya kugusa kaboni. Mwaka 2001 Clare Reimers, Leonard Tender na wenzao walitangaza kwamba wamezika kipande kimoja cha elektrodi kwenye tope la bahari, kingine wakakiacha kwenye maji ya juu, na umeme ukapita kati yao. Mwaka 2008 Tender alieleza jinsi boya la kupimia hali ya hewa kwenye mto uleule wa Potomac lilivyofanya kazi kwa nguvu ya tope pekee. Nguvu yenyewe ilikuwa ndogo, ya milivati, lakini haikukatika na haikuhitaji mtu kuja kubadilisha betri.

Kiswahili kina neno linaloyakusanya haya yote. Mashapo ni kile kinachobaki chini ya kibuyu tembo likishamiminwa. Na katika vitabu vya jiografia, mashapo ni tope na mchanga unaotuama chini ya bahari. Waliolichagua neno hilo kwa maana ya pili hawakuwa wakifikiria bakteria. Walikuwa na macho mazuri tu.

Wakati hayo yakiendelea, umeme wenyewe, ule wa taa na feni, ulikuwa na safari yake ya taratibu hadi Pemba. Unguja iliuona mapema mno. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa la kwanza katika eneo hili kuwa na taa za umeme. Mwaka 1980 waya wa chini ya bahari uliivuta Unguja kwenye gridi ya bara, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba iliendelea na jenereta za dizeli, ambazo uhai wake ulitegemea meli ya mafuta na vipuri, na nje ya miji usiku ulikuwa wa koroboi na kandili. Waya mmoja nao una hatari yake: kati ya Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na kuanzia Desemba 2009 kwa muda wa miezi mitatu hivi. Pampu za visima zilisimama mijini, na jenereta zilinguruma nje ya maduka usiku kucha.

Pemba iliunganishwa mwaka 2010. Waya wa kilovolti 33, wenye urefu wa kilomita 78 hivi, uliofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Norway, ulilazwa kwenye Mkondo wa Pemba kutoka upande wa Tanga. Kwa shehia za Mkoani na Chake Chake ulikuwa mwaka wa kukumbukwa, na makala hii haina nia ya kuupunguza. Friji ya chanjo ya kituo cha afya haiendeshwi kwa milivati.

Ila mtu akifuata waya huo kuelekea ulikotoka, anafika kwenye jambo la kupendeza. Ng'ambo ya pili, katika bonde la mto Pangani, ipo mitambo ya maji ya Hale, ya megawati 21, na ya Maporomoko ya Pangani, ya megawati 68. Na palepale Hale, kwenye shamba la mkonge la kampuni ya Katani, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa aina nyingine. Katika kuchakata mkonge, nyuzi zinazouzwa ni sehemu ndogo sana ya mmea, takriban asilimia 2 kwa njia ya zamani. Zilizobaki zilikuwa maji na machujo ya kutupwa, yaliyochacha mtaroni na kuua samaki mtoni. Hale waliyaingiza machujo hayo kwenye tangi lisilo na hewa, bakteria wakayala, wakatoa gesi, na gesi ikazungusha jenereta ya kilowati 150. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilishiriki, na mradi huo ulitambuliwa kuwa wa kwanza duniani wa kutoa umeme kwa taka za mkonge. Wazo hilo halikutoka mbali na Wambaa: ni kuvuka mkondo tu.

Njia ya Hale si ile ya Potter. Kwa Potter elektroni zinaingia kwenye waya moja kwa moja. Hale bakteria wanatengeneza gesi, gesi inaunguzwa, injini inazunguka. Zote mbili hata hivyo zinakula meza moja, na hakuna meza iliyoandaliwa vizuri kama maji machafu ya kiwanda cha vinywaji. Kila lita ya bia au mvinyo inaacha nyuma lita kadhaa za maji yenye sukari, wanga, hamira iliyokufa na kileo. Kwa mto ni balaa, kwa sababu vijidudu wa mtoni huyala na kuimaliza oksijeni ya samaki. Kwa bakteria ni karamu. Arusha, kampuni ya Banana Investments, inayotengeneza mvinyo wa ndizi, ilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya mpango wa kikanda wa Bio-Innovate ulioanza 2010: maji machafu yakapitishwa kwenye tangi la biogesi, kisha kwenye bwawa la matete. Wachaga na Wameru waliokuwa wakipika pombe ya ndizi vizazi na vizazi walikuwa wakimwagia ng'ombe na migomba machicha yake. Kiwanda kikubwa hakina migomba ya kutosha kumwagia, ndipo bakteria wakaajiriwa.

Jaribio la wazi zaidi la kupeleka njia ya Potter kiwandani lilifanyika Australia. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Queensland, kikiongozwa na Profesa Jurg Keller, kilitangaza kwamba kitajenga chombo cha lita 2,500 kwenye kiwanda cha bia cha Foster's kule Yatala, nje ya Brisbane, na kutarajia kilowati 2, za kutosha nyumba moja. Habari hizo zilizunguka dunia. Chombo cha majaribio kilichojengwa kilikuwa na mabomba 12 yenye urefu wa mita 3, yenye nyuzi za kaboni ndani. Hakikufikia ahadi. Maji ya kiwanda cha bia hayana chumvi ya kutosha, kwa hiyo chaji hupita kwa shida kati ya pande mbili. Na bakteria wasiotakiwa waliota upande wa pili wa elektrodi, wakauziba.

Kasoro ya kwanza ya Yatala inagusa moja kwa moja kisiwa kama Pemba. Chumvi iliyokosekana kule, bahari ya Wambaa inayo bila kipimo. Tope la mikoko ya Wambaa linaoga maji ya chumvi mara mbili kwa siku, na ndani yake yamo majani ya mikoko yanayooza tangu enzi na enzi. Kwa upande wa chakula na wa chumvi, fundi wa betri ya tope hakosi kitu pale.

Hesabu ndogo inafaa kabla ya ndoto kukua. Lita moja ya tembo bichi lenye gramu 100 za sukari ina nishati ya kilojuli 1,650 hivi, yaani karibu nusu ya uniti moja ya umeme ule unaonunuliwa kwa tokeni. Chombo cha bakteria kikikamata sehemu moja kati ya kumi, mwenye nyumba anapata mwanga wa taa ya LED ya wati 5 kwa saa tisa. Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayewasha taa kwa tembo bichi lenye thamani ya asali na siki. Kinachobaki ni mashapo, tembo lililopita wakati, maji ya kuoshea vyombo, na humo sukari imeshapungua sana. Usiku mmoja wa mwanga hafifu, basi, kwa mashapo ya vibuyu vingi. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza upepo, na vijiji vya pwani vimeshauziwa upepo vya kutosha.

Udogo huo lakini una matumizi yake. Mwaka 2017 timu ya Ioannis Ieropoulos kutoka Bristol, Uingereza, iliweka vyombo vya bakteria kwenye vyoo vya skuli ya sekondari ya wasichana ya Seseme, Kisoro, kusini magharibi ya Uganda. Chakula cha bakteria kilikuwa mkojo. Umeme uliotoka haukuwasha bweni. Uliwasha taa za choo, ili msichana asiingie gizani usiku. Taa ya wati chache mahali palipokuwa na giza totoro, kwa kitu kilichokuwa kikitupwa, inatosha kubadili usiku wa mtu. Na kwa mvuvi au mkulima wa mwani wa Wambaa, kipimo cha joto la bahari kinachotumia milivati za tope kina maana kuliko taa, kwa sababu mwani unakufa maji yakipata joto na anayelipa ni mwanamke aliyeufunga kwenye kamba.

Pemba tayari ina mazoea ya kutafuta thamani kwenye kilichobaki. Vikonyo vya karafuu, makonyo, vilivyoachwa baada ya kuchambua, hupelekwa kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, nje ya Chake Chake, vikatolewa mafuta. Makumbi yanakuwa kamba. Machicha ya nazi yanaliwa na kuku. Kisiwa kilichozungukwa na bahari hakina mahali pa kutupa, kwa hiyo kilijifunza kutumia mpaka mwisho, na ujuzi huo haukuandikwa katika rejesta yoyote ya hati miliki.

Katika ujuzi huo kuna jambo moja ambalo mafundi wa Yatala na wa Bristol walilazimika kulijifunza upya. Chombo kipya cha bakteria hakitoi umeme siku ya kwanza. Kinalishwa wiki kadhaa, na mara nyingi hutiwa tope au maji kutoka chombo cha zamani, mpaka ngozi nyembamba ya viumbe iote juu ya kaboni. Ngozi hiyo ikikwanguliwa, kazi inaanza tena mwanzo. Mgema wa mnazi ana kibuyu cha namna hiyohiyo. Hukisuuza kwa maji kidogo, hakisugui ndani. Mashapo yanayobaki kwenye kuta zake ndiyo yanayolipokea tone la kwanza la asubuhi, na kabla hajafika chini ya mti limeshaanza kuchemka.